Mzee Majuto Alituchekesha, Deni Lake Tumelilipa?

Hapa Mbugani, wilayani Kyela, mvua ya masika ikianza kunyesha haikatiki upesi. Kakao huondolewa jamvini, wachuuzi wa mchele hufunika magunia yao, na vijana waliokuwa barazani hujibanza katika kibanda cha video wakingoja mbingu zifunguke. Humo, kwa miaka mingi, ilikuwapo sauti moja iliyoweza kushindana na kishindo cha mvua juu ya bati. Ilikuwa sauti ya mzee mmoja wa Tanga, mwenye ukali wa kuigiza na macho ya ujanja, ambaye kabla hajaimaliza sentensi yake ya kwanza watu walikuwa wamekwisha kuangua kicheko. Wazazi wake walimwita Amri Athumani. Taifa lilimjua kwa jina la King Majuto, na wengi wetu tulimwita Mzee Majuto.

Mzee huyo alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 70. Kumkumbuka leo si kutonesha kidonda kilichokwisha kupona. Maisha yake yana mafunzo mawili ambayo hayafai kuachwa yapite. La kwanza ni kuhusu sanaa yenyewe, ambayo wengi huiona kuwa ni mzaha tu wa kupitishia muda. La pili ni kuhusu haki ya mtu anayeishi kwa sanaa hiyo, na hilo linawahusu zaidi viongozi na watumishi wa Serikali wanaousoma ukurasa huu.

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948, akasoma shule ya msingi Msambweni katika mji huohuo. Alipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1958, angali mtoto mdogo. Yatupasa tuukumbuke mji aliokulia. Tanga ya wakati ule ilikuwa bandari, kituo cha reli na makao ya mkonge. Mashamba ya mkonge yaliwakusanya manamba kutoka kila pembe ya nchi, na hata kutoka Nyanda zetu hizi za Juu Kusini. Kila mmoja alikuja na lafudhi yake, mila zake na vituko vyake, na wote walilazimika kuelewana kwa Kiswahili. Mtoto mwenye sikio jepesi angeweza kupata shule gani nyingine ya uigizaji iliyo bora kuliko hiyo? Sokoni, kilabuni, msikitini na kituo cha mabasi, kote kulikuwa na mhusika wa kuigwa.

Sanaa aliyoirithi ilikuwa na jina lake la kawaida, nalo ni vichekesho. Haikuletwa na televisheni. Wakati wa ukoloni vichekesho vilichezwa shuleni na katika sherehe, mara nyingi vikimkejeli mtu wa shamba aliyeingia mjini asijue taratibu zake. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, sanaa za jukwaani zilipewa heshima mpya, na kejeli ile ikageuzwa mwelekeo. Sasa aliyechekwa alikuwa mla rushwa, mvivu, mlevi, na yule aliyejiona Mzungu kuliko Wazungu wenyewe. Vikundi vya utamaduni vya mashirika ya umma na vya watu binafsi vilichanganya ngoma, sarakasi, taarabu na vichekesho katika onyesho moja, na mara nyingi watu walivumilia mengine yote wakisubiri vichekesho. Katika redio, igizo la Pwagu na Pwaguzi la Radio Tanzania Dar es Salaam liliwakusanya watu wa kijiji kizima mbele ya redio moja ya mkulima.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa tunayakumbuka mambo hayo vizuri. Marehemu Kapteni John Komba, aliyeongoza kikundi cha Tanzania One Theatre tangu mwaka 1992, alikuwa mtoto wa ziwa hili, wa Lituhi. Vichekesho vya kikundi chake na vya vikundi vingine vilifika huku kwa barabara mbovu na kwa meli, na mistari yake ilirudiwa Itungi, Matema na Ipinda kwa miezi kadhaa baada ya wasanii kwenda zao.

Katika mkondo huo Mzee Majuto alijichimbia mfereji wake mwenyewe. Mhusika wake hakuwa mjinga wa shamba, wala hakuwa mwerevu wa mjini. Alikuwa mzee, na mzee huyo alikusanya ndani yake kila udhaifu ambao jamii yetu huwasitiria wazee kwa adabu. Alikuwa bahili, mroho wa chakula, mwepesi wa kutamani wasichana wenye umri wa binti zake, mkali kwa watoto wa wenzake na mlegevu kwa wake. Alipokamatwa na kosa hakuomba radhi. Aligeuza kibao, akamlaumu aliyemkamata, akatoa wosia mrefu juu ya kuporomoka kwa maadili, na huku kitu alichoiba kingali mkononi mwake.

Kwa nini jambo hilo lichekeshe kiasi kile? Kwa sababu kila mmoja wetu anamjua mzee huyo. Yuko katika ukoo, yuko katika kikao cha mahari, yuko katika baraza la usuluhishi. Adabu inatuzuia kumkosoa mbele ya watu. Mzee Majuto alitupa ruhusa ya kumcheka bila kumvunjia heshima mzee yeyote wa kweli, kwa kuwa aibu yote aliibeba yeye mwenyewe mabegani. Huo ndio wajibu wa mchekeshaji katika jamii inayoheshimu umri: kulisema lile ambalo mtoto hawezi kumwambia baba yake.

Wala hakuwa mtu wa kurukaruka na kujipaka masizi ili achekwe. Nguvu yake ilikuwa katika kunyamaza. Angeambiwa jambo la kushtusha, akalisikiliza hadi mwisho, akamtazama msemaji, akaitazama ardhi, ndipo akatoa neno moja tu la Kiswahili cha Tanga, nalo likawa kama jiwe lililotupwa katika maji yaliyotulia. Neno hilo kwa kawaida halikuwa limeandikwa popote. Sehemu kubwa ya vichekesho vyetu huchezwa bila mswada. Wachezaji hukubaliana juu ya kisa, kisha kila mmoja hutunga maneno yake papo hapo mbele ya hadhira au mbele ya kamera. Tunamwomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia tutakapozungumzia haki.

Miongoni mwa waliocheza naye alikuwa kijana Hussein Mkieti, aliyejulikana kwa jina la Sharo Milionea. Kijana huyu aliigiza majivuno ya vijana wa mjini: mwendo wa madaha, maneno ya mtaani na mavazi ya kujionyesha. Ukimweka mbele ya Mzee Majuto ulipata vizazi viwili vikitazamana katika kioo, kila kimoja kikishangaa ujinga wa mwenzake na kisiuone wake. Sharo Milionea alifariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza mwezi Novemba 2012, akiwa bado kijana, na mzee akabaki kumlilia mtoto aliyepaswa kumzika yeye.

Umaarufu wa Mzee Majuto ulikua pamoja na vyombo vilivyoubeba. Ndugu zetu wa visiwani walikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, zaidi ya miaka 20 kabla Tanzania Bara haijapata vituo vyake mwaka 1994. Kwa hiyo ilipofika zamu ya kanda za video, watu wa Unguja na Pemba walikuwa wamekwisha kuzoea kuitazama michezo ya kuigiza sebuleni, na Tanga kwao ni ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba. Majuto alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo nchini waliorekodi kazi zao katika kanda za video. Zikafuata sahani za VCD na DVD, zikauzwa madukani, sokoni, vituoni na juu ya baiskeli za wachuuzi. Sura yake ikavuka mipaka ikafika Kenya na kwingineko kunakozungumzwa Kiswahili. Hatimaye ikaingia katika matangazo ya biashara, kwa kuwa wafanyabiashara walitambua kwamba bidhaa iliyosifiwa na mzee huyo ilikumbukwa kuliko iliyosifiwa na mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo kicheko kinapoanza kuwa na uchungu.

Mwaka 2018 Mzee Majuto aliugua sana. Mwezi Mei alipelekwa India kwa matibabu kwa msaada wa Serikali na wa watu wema, akarejea nchini, kisha akalazwa tena Muhimbili. Rais John Magufuli alikwenda kumjulia hali hospitalini. Wananchi walichanga, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na walifanya vyema kuchanga. Lakini swali moja lilikataa kuondoka vinywani mwa watu: imekuwaje mtu ambaye sura yake iliuza sahani nyingi kiasi kile, na kusaidia kuuza bidhaa za watu wengine, ahitaji kuchangiwa fedha za matibabu?

Swali hilo lilipata mtu wa kulibeba. Waziri mwenye dhamana ya habari, utamaduni, sanaa na michezo wakati huo alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mwanasheria, naye ndiye aliyekuwa Mbunge wetu wa Kyela. Mikataba ya Mzee Majuto na makampuni ilipoanza kuzungumzwa hadharani, Waziri aliunda kamati ya kuipitia mikataba hiyo pamoja na ya wasanii wengine, ili haki na maslahi yao yatetewe. Ilikuwa hatua ya heshima. Hata hivyo, mgonjwa alikuwa amekwisha kufika ukingoni. Kamati ilianza kuisoma mikataba wakati aliyeitia saini hana tena nguvu ya kushika kalamu.

Hatuna nia ya kumshitaki mtu au kampuni yoyote katika ukurasa huu. Tunataka kueleza jinsi jambo lenyewe linavyotendeka, kwa sababu asiyejua jinsi anavyopoteza hawezi kujikinga.

Msanii anapokwenda kurekodi, mara nyingi hulipwa mara moja tu. Fedha ile huonekana nyingi siku hiyo, hasa kwa mtu mwenye watoto wa kusomesha na paa la kuezeka. Karatasi anayowekewa mbele huwa na maneno ya kisheria, na pengine imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba haki zote za kazi hiyo ni za mnunuzi, kwa muda wote na mahali pote. Akishatia saini, kazi hiyo ikiuzwa tena, ikionyeshwa tena, ikihamishwa kutoka kanda kwenda sahani, na kutoka sahani kwenda katika intaneti, yeye hana chake. Katika tangazo la biashara mambo ni mazito zaidi. Kama mkataba hautaji muda, sura ya msanii yaweza kuendelea kuuza bidhaa ya mtu miaka na miaka kwa malipo ya siku moja ya kazi.

Sheria tunayo. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Kwa sheria ya Bara, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwaka 2023 iliwekwa pia tozo ya hakimiliki katika vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa, ili sehemu ya fedha hiyo iwarudie wenye kazi. Haya yote ni mema. Lakini turudi katika lile tulilomwomba msomaji alishike: mchekeshaji hutunga kwa kinywa. Mwandishi wa kitabu ana mswada wake, mwanamuziki ana wimbo wenye jina lake. Mzee aliyetoa neno moja papo hapo, neno lililoifanya filamu nzima ipendwe, atathibitisha kwa nini kwamba ni yeye aliyelitunga? Orodha ya majina mwishoni mwa filamu humtaja kuwa mchezaji tu, na jina la mtunzi huwekwa la mtu mwingine. Kwa hiyo mwanya uliopo ni baina ya sheria nzuri na namna kazi yetu inavyofanyika hasa.

Wala jambo hili si la Tanga peke yake, wala la Tanzania peke yake. Mwezi Juni 2014 tulimpoteza Said Ngamba, yule Mzee Small aliyetuchekesha kizazi kizima, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Jirani zetu wa Kenya nao walimzika Benson Wanjau, aliyefariki tarehe 12 Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 78. Watazamaji wa Vitimbi walimjua kwa jina la Mzee Ojwang'. Alikuwa Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo kwa ustadi mkubwa hata wengi wakasadiki kwamba ndivyo alivyozaliwa. Katika nchi ambayo siasa ziliwagawa watu kwa makabila, mtu huyo aliwafanya wacheke pamoja kwa miongo kadhaa. Naye uzeeni aliishi kwa shida, na alipougua alihitaji kuchangiwa. Nchi mbili, wazee watatu, hadithi moja. Yanapofuatana hivyo, hatuwezi tena kuyaita bahati mbaya.

Wapo watakaosema kwamba wasanii wenyewe ni wabadhirifu, na kwamba aliyepata akatumia asilaumu mtu. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwa kuwa wapo walioponda mali. Lakini mkulima wa kakao wa hapa Kyela akiuza zao lake kwa bei ya kupunjwa hatuanzi kwa kumuuliza alivyozitumia zile fedha chache alizopata. Tunauliza kwanza mizani ilikuwaje, na bei ilipangwa na nani. Ndiyo maana tumepigania ushirika, stakabadhi na minada ya wazi. Kicheko nacho ni zao. Kinahitaji mizani yake.

Suala hili lina uzito leo kuliko siku za Mzee Majuto. Hapa Mbugani, kama ilivyo Wete au Kilindoni, kijana mwenye simu anaweza kurekodi kichekesho asubuhi na kikatazamwa Dar es Salaam kabla ya adhuhuri. Kipaji kipo. Wanyakyusa wana ulimi wa kejeli usiohitaji kufundishwa, na wenzao wa visiwani wanasifika kwa mafumbo na mzaha wa barazani. Akipata wafuasi, haukawii kumjia mtu mwenye karatasi na kalamu. Kijana hatamwuliza wakili, kwa sababu wakili yuko mbali na fedha iko karibu. Atatia saini kama wazee wake walivyotia.

Basi tufanye nini? Mapendekezo yetu ni machache, na hakuna hata moja linalohitaji kungoja bajeti kubwa.

Kwanza, kila halmashauri ina afisa anayeshughulikia utamaduni. Afisa huyo awe na nakala ya mkataba wa mfano, ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, unaotaja mambo manne: kazi ni ipi, itatumika kwa muda gani, itatumika wapi, na msanii atapata nini kila itakapotumika tena. Msanii yeyote aweze kuingia ofisini humo na karatasi aliyopewa, akasomewa na kuelezwa kabla hajatia saini. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, pamoja na ofisi za hakimiliki za Bara na Visiwani, zina ujuzi wa kuuandaa mkataba huo. Kilichobaki ni kuufikisha mahali msanii anapoishi.

Pili, wachekeshaji wajifunze kuandika. Baada ya mchezo kurekodiwa, kisa na maneno yaandikwe daftarini, yawekwe tarehe na majina ya waliotunga, na kazi isajiliwe. Daftari la shilingi chache laweza kuokoa nyumba nzima siku ya mgogoro.

Tatu, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wasanii wasiachwe wakijiona kuwa ni watu wa pembeni katika mpango huo. Vikundi vyao viandikishwe kama wanavyoandikishwa wavuvi na wakulima, ili ugonjwa usigeuke kuwa mchango wa hadhara. Mchango ni wema, lakini mtu aliyewahudumia watu maisha yake yote hapaswi kuutegemea.

Nne, kamati iliyoundwa mwaka 2018 kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa kitandani itukumbushe kwamba kazi ya kuipitia mikataba yapaswa kufanywa mapema, msanii angali mzima, tena na ofisi ya kudumu ambayo haingoji maradhi ya mtu mashuhuri ndipo ifungue jalada.

Mzee Majuto alisafirishwa hadi Tanga, akazikwa katika ardhi iliyomlea. Watu wengi walilia, na hata katika kulia walikuwa wakikumbushana vituko vyake, wakacheka huku wakijifuta machozi. Mfalme gani mwingine hupewa maziko ya namna hiyo?

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Sisi tuliokuwa tukimtazama katika vibanda vya video tulilichukua jina lake kuwa la mzaha, kumbe lilikuwa na somo. Wajukuu wake katika sanaa wamekwisha kuzaliwa. Wako Mbugani, wako Pemba, wako Mafia, wameshika simu na wanatafuta kisa cha kuchekesha. Heshima kubwa kuliko sanamu au jina la barabara ni kuhakikisha kwamba wao watakapofika uzeeni, majuto yatabaki kuwa jina la msanii waliyempenda, wala si habari ya maisha yao.